Hodi ya Mtafiti

Kwetu Kwashemshi, Korogwe, mtu akiamka mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki, neno la kwanza kusikika si la kitabibu. Yuko atakayesema amepitiwa na upepo, yuko atakayesema ametupiwa kitu, na mganga huenda akafika kabla ya bodaboda. Mjomba wangu, mkata mkonge wa miaka mingi, alilala hivyo siku nne, akazikwa ya tano. Hospitali haikumwona, na hakuna daftari lililoandika alichougua.

Ndiyo maana nikitakiwa kusifu ufundi, nawasifu watu wanaomtafuta mgonjwa wa namna hiyo.

Korogwe tumezoea watafiti. Wa malaria wametutoboa vidole miaka nenda rudi, na chanjo ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wa huku pia. Lakini malaria ina tone la damu na hadubini, mdudu anaonekana. Kiharusi kama cha mjomba hakina tone. Mshipa wa ubongo umeziba, au umepasuka, na kwa macho matokeo ni yale yale: nusu ya mwili imezima. CT-Scan ndiyo inayotenganisha mawili hayo, nayo haibebwi kwenye pikipiki. Kijijini mtafiti anabaki na masikio yake tu. Ilianza ghafla au taratibu? Upande gani? Ilizidi saa 24, au mauti yalitangulia? Kipimo hicho cha saa 24 ni cha Shirika la Afya Duniani, na kinafaa hata chini ya mwembe.

Kazi hiyo imefanyika nchini kwetu. Kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006, daktari Richard Walker wa Uingereza na wenzake, akiwemo Ferdinand Mugusi wa Muhimbili, walifuatilia watu 159,814 wilayani Hai na 56,517 Dar es Salaam. Hawakukaa hospitali kungoja wagonjwa. Walikuwa na watu wa kuwapa habari huko huko mitaani na vijijini, na palipokuwa na msiba walikwenda kuwahoji wafiwa jinsi marehemu alivyougua. Hebu fikiria kazi hiyo: kumuuliza mjane kuhusu mdomo wa mumewe bila kumliza upya, na bila kumtia jibu kinywani. Kazi ya maabara hufundishwa darasani. Hili sijui kama lina mwalimu zaidi ya malezi.

Walipata viharusi 636: Hai 453, Dar 183. Kwa mwaka ni kama 95 kwa kila watu laki moja Hai, na 108 Dar. Msomaji wa haraka angefunga kitabu hapo: mjini na shamba ni mamoja. Lakini Dar imejaa vijana, na wazee wengi wako Hai, na kiharusi hupenda wazee. Watafiti wakasawazisha umri, kana kwamba pande zote mbili zina wazee na vijana kwa kiasi kimoja. Hai ikawa 109. Dar ikaruka hadi 316. Takriban mara tatu! Ripoti ilitoka mwaka 2010, na mimi kila nikiirudia nasimama kwenye mstari huo. Tofauti yote ilikuwa imejificha ndani ya miaka ya watu, na miaka hiyo kwa bibi asiyejua alizaliwa lini huulizwa kwa Uhuru na Azimio la Arusha.

Utafiti mwingine ndani ya kazi hiyo ulinichekesha kidogo. Waliozungumza zaidi juu ya majini na uchawi walikuwa watu wa Dar es Salaam. Wa Hai walitaja presha, mafuta na mawazo. Sisi wa shamba tumesemwa sana, kumbe!

Presha ndiyo inayoongoza kwa kuleta kiharusi, na kuipima ni kufungwa kitambaa mkononi kwa dakika moja. Mjomba hakufungwa hata mara moja. Basi ndugu zangu wa Kwashemshi, siku akija mtu na daftari akapiga hodi, mpeni kigoda. Msimtajie walio hai peke yao. Mtajieni na yule aliyefia ndani.