Kisichoonekana katika Kongoo: Uhakiki wa Matumizi ya Kongoo la Kiswahili la Helsinki

Utafiti wa Kiswahili kwa njia ya kompyuta unadaiwa mengi na kazi ya Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mwaka 1992 alionesha jinsi mofolojia ya viwango viwili, iliyoasisiwa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983, inavyoweza kuchanganua maumbo ya Kiswahili. Kazi hiyo ilizaa mfumo wa SALAMA na, hatimaye, Kongoo la Kiswahili la Helsinki, yaani hazina ya matini halisi iliyopangwa ili ichunguzwe kwa kompyuta. Toleo lake la pili lina takriban maneno milioni 25. Makala haya hayapingi thamani ya kongoo hilo. Yanahoji hatua moja ambayo watumiaji wake huichukua kwa wepesi: kulichukulia umbo lisiloonekana katika kongoo kuwa halimo katika lugha.

Thamani yenyewe ni dhahiri. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi, hivyo kutafuta mfuatano wa herufi tu hakumfikishi mtafiti mbali. Anayeandika "soma" katika kisanduku cha kutafutia hupata "nimesoma" na "msomaji" pamoja, lakini hukosa "asome" na "kinachosomeka". Anayeandika "kaa" hupata mnyama wa baharini, kipande cha moto na kitenzi kwa mpigo mmoja. Uchanganuzi wa kimofolojia, ukifuatiwa na uondoaji wa utata kwa kuzingatia muktadha, hutenganisha mambo hayo. Bila hatua hizo mbili, hesabu ya maneno ya Kiswahili ni hesabu ya herufi tu.

Darasani faida ni kubwa vilevile. Mwanafunzi akisoma mistari ya muktadha wa neno "rafiki" ataona "rafiki yangu mpya amefika": kimilikishi kinafuata upatanisho wa ngeli ya I-ZI, ilhali kivumishi na kitenzi vinafuata A-WA. Kanuni ambayo kitabu kingeieleza kwa aya nzima, yeye anaigundua mwenyewe kutokana na mifano.

Tatizo linaanza pale swali linapohama kutoka "umbo hili hutumikaje?" hadi "umbo hili lipo?" Sehemu kubwa ya kongoo la Helsinki ni habari za magazeti, vitabu na kumbukumbu za Bunge. Matini hizo zinatofautiana kwa mada, lakini zinafanana kwa jambo moja: zote zimepitia mikono ya mhariri. Mhariri wa Kiswahili analipwa ili aondoe yale ambayo mwanaisimujamii anayatafuta.

Chukua kiambishi tamati "-ga" kinachoonesha mazoea, kama katika "anasemaga", "tunaendaga" na "huwaga". Katika Jiji la Arusha kiambishi hicho husikika kila siku, kuanzia stendi na soko la Kilombero hadi vibarazani mwa Engutoto. Kina asili ya Kibantu, na viambishi vya namna hiyo vimo katika lugha kadhaa za bara. "Huwaga" linavutia zaidi, kwa kuwa linaweka alama mbili za mazoea katika kitenzi kimoja: "hu-" ya Kiswahili sanifu na "-ga" ya bara. Hapo kuna swali zito la sarufi. Je, "-ga" inachukua nafasi ya "hu-", au viwili hivyo vimegawana kazi? Magazeti hayawezi kulijibu, hata yangejazwa maneno milioni mia.

Hali ya Arusha inalifanya swali hilo kuwa la lazima. Kuzunguka Mlima Meru, Kiswahili kinakutana na Kimaa cha Waarusha, ambacho ni cha Kinilo. Na Kimeru na Kichaga, ambazo ni za Kibantu. Na Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi. Mzungumzaji wa hapa hupokea Kiswahili kutoka shuleni na mtaani kwa wakati mmoja. Kongoo la maandishi yaliyohaririwa linarekodi nusu ya kwanza tu ya urithi huo.

Kuna tabaka la pili la tatizo, nalo halijadiliwi vya kutosha. Kichanganuzi hutambua kile ambacho leksimu na kanuni zake zimekiruhusu, na lazima kianzie kwenye kamusi na sarufi zilizopo. Umbo lisilo na kanuni hubaki bila kutambuliwa au hukisiwa kimakosa. Mtafiti akitegemea matokeo yaliyotambuliwa pekee, usanifu huwa umeingia mara mbili: kwanza katika kuchagua matini, kisha katika kuzisoma. Kisha matokeo hayo hutolewa kuwa uthibitisho kwamba Kiswahili ndivyo kilivyo.

Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusimamia usanifishaji wa Kiswahili uliojengwa juu ya Kiunguja ilifanya uteuzi wa wazi, na wapinzani, hasa watetezi wa Kimvita, walijua wa kumlaumu. Kongoo nalo hufanya uteuzi, ila uteuzi wake huvaa vazi la takwimu. Hata makusanyo mapya ya sauti, kama Common Voice ya Mozilla, kwa kawaida humtaka mchangiaji asome kwa sauti sentensi aliyoandikiwa. Sauti ni ya mtu, lakini sentensi ni ya ukurasa.

Athari zake zinamfikia mwanafunzi. Mwalimu anayekata "anasemaga" kwa kalamu nyekundu katika insha ana haki ya kufundisha rejesta ya insha. Hana msingi wa kusema kwamba umbo hilo "si Kiswahili" kwa sababu kongoo halikulionesha. Vilevile, mgeni anayejifunza Kiswahili katika kituo cha MS-TCDC, Usa River, akifundishwa kwa orodha za marudio zilizotokana na magazeti na Bunge, atakuwa tayari kumsikiliza mbunge kabla hajaweza kumwelewa muuzaji wa ndizi wa Tengeru.

Hivyo basi, mambo matatu yanahitajika. Kila utafiti utaje muundo wa kongoo lake kabla ya kutoa idadi. Orodha ya maneno yasiyotambuliwa na kichanganuzi isomwe kama data, isitupwe kama takataka. Na vyuo vya ukanda wa Meru vikusanye mazungumzo halisi, kwa ridhaa ya wazungumzaji, yakiwekewa taarifa za mahali, umri na lugha ya kwanza. Hadi hapo, dai lolote kwamba umbo fulani halimo katika Kiswahili, likiegemea kongoo la maandishi pekee, lisomwe kuwa dai kuhusu maandishi yaliyohaririwa.