Kaizari au Caezar? Majina ya Kirumi na Kiyunani katika Tafsiri za Kiswahili

Mwaka 1963 tulipata Julius Caezar, tafsiri ya Mwalimu Julius K. Nyerere ya mchezo wa Shakespeare. Toleo lililosahihishwa, la 1969, likaitwa Juliasi Kaizari. Uzuri wa tafsiri sitaujadili hapa. Napenda kupima jina tu, kwa kuwa jina ndilo mlango wa kitabu.

Majina ya Warumi na Wayunani yameingia katika Kiswahili kwa njia tatu. Ya kwanza ni Kiarabu: katika Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani, wenye tarehe ya 1728, Mfalme Heraclius ni Herekali, wala hana ugeni wowote katika beti zile. Ya pili ni Agano Jipya, lililofuata Kiyunani likatupa Kaisari, na katika Matendo ya Mitume likatupa akida aitwaye Yulio. Ya tatu ni Kiingereza, kilichotupa Juliasi, yaani Mrumi kwa matamshi ya Mwingereza.

Basi jina la 1969 lina kasoro upande mmoja tu, maana Kaizari ni jirani wa Kaisari. Imebaki kusahihisha Juliasi. Toleo la kwanza lilikuwa limeyakosa yote mawili. Caezar si Kilatini wala Kiingereza, ambavyo huandika s hapo. Wala si Kiswahili, kisichotumia c pasipo h.

Huenda ikasemwa kwamba msomi ahitaji jina la asili apate kulitafuta vitabuni. Lakini Wapolandi huandika Cezar, Owidiusz na Cyceron, na kuyageuza miisho kwa sarufi yao. Kazimierz Kumaniecki, bingwa wa Kilatini, alikiita kitabu chake cha 1959 Cyceron i jego współcześni, na elimu haikupungua kitu.

Mfano mwema tunao hapa kwetu. S. S. Mushi, katika Mfalme Edipode (1971), alitwaa shina la Kiyunani, Oidipod-, akalitia irabu mwishoni. Mwanafunzi wa Masumbwe, aliyekulia katika Kisumbwa chenye maneno yaishiayo kwa irabu, atalitamka bila kufundishwa. Mbele ya Caezar atasita: Seza, Kaeza, au Chaeza? Na asitaye kwenye jalada huhisi kwamba kitabu ni cha wengine.

Kanuni na iwe moja: jina lililokwisha kukaa katika Kiswahili lisiachwe; lisilokuwapo litwaliwe kutoka shina la lugha yake, kwa herufi zetu. Kwa kanuni hiyo, mtu yule ni Yulio Kaisari.