Raiza ya 1U: Pima Kabla ya Kulipa

Kasha la 1U lina kimo cha milimita 44.45. Kadi ndefu ya PCI Express ina kimo cha takriban milimita 111, na hata ile fupi inafika karibu 69. Hakuna inayoweza kusimama humo. Lazima ilale, na kinachoilaza ni raiza: kibao kidogo cha saketi kinachochomekwa kwenye sloti ya mazabodi na kugeuza mdomo wake utazame ubavuni. Ni kipande cha bei ndogo kuliko karibu vyote vilivyomo kwenye raki, lakini kikikosewa kazi nzima inasimama.

Kazi ninayoichambua ilikuwa ya ofisi moja ya maeneo ya Posta. Walikuwa na seva ya 1U iliyokaa bure, wakataka iwe ruta yenye milango miwili ya gigabiti 10. Tangu mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, mahitaji ya namna hii katikati ya mji yamekuwa yakiongezeka, na kununua ruta mpya ya kiwandani si rahisi kwa kila mfuko. Kadi waliyoichagua ni Intel X520, mtumba wa Dubai, na ilipatikana Kariakoo bila shida. Kilichobaki kilikuwa raiza.

Dukani utaulizwa swali moja: ya 1U au ya 2U? Swali ni sahihi ila halitoshi. Raiza mbili za 1U zinaweza kufanana kwa kimo na bado moja ikailaza kadi upande usiotakiwa. Ukisimama nyuma ya seva, sloti ziko kulia na milango ya mazabodi iko kushoto. Kadi ikilala kuelekea kushoto, juu ya mazabodi, chipu zake hutazama juu. Ikilala kuelekea kulia, kwenye ukuta wa kasha, chipu hutazama chini. Hapo hakuna hiari, ni umbo la kadi lenyewe linaloamua. Kwa hiyo anza na kasha: tafuta tundu la kibati, kile kipande cha chuma kinachofungia kadi kwenye kasha, liko upande gani wa sloti, kisha ndipo utafute raiza inayoelekea huko. Kasha la Posta lilitaka kadi ilale juu ya mazabodi, na hilo likatulazimu kupima pia vimo vya kapasita na vipoza joto ambavyo kadi ingepita juu yake.

“Hii inaingia zote, bosi,” muuzaji alisema, na mdomo wa raiza hiyo ulikuwa kweli wa x16, mrefu wa kuvutia. Tukaigeuza. Mkia wake, ile sehemu yenye meno ya dhahabu, ulikuwa na urefu wa milimita 39 tu, yaani x4, njia nne za data. Mkia wa x8 hufika 56, na wa x16 hufika 89; rula ya shule inatosha kutofautisha. X520 ni kadi ya kizazi cha pili cha PCI Express yenye njia nane, zinazobeba gigabiti 32 kwa sekunde. Ukiipa njia nne zinabaki 16, na milango yake miwili ikijaa inadai 20. Ingewaka, ingepata anwani, ingepita majaribio ya asubuhi, kisha ingewakwamisha watu saa ambazo mtandao unahitajika zaidi. Hitilafu ya aina hii naiogopa kuliko ile inayozima mashine papo hapo, kwa sababu lawama zote zitamwangukia mtoa huduma wa intaneti.

Raiza za Dell PowerEdge na HP ProLiant nilizipita bila kuzigusa. Zinatengenezwa kwa ajili ya mazabodi za makampuni hayo, na hata pale plagi inapofanana mpangilio wa nyaya unaweza kuwa tofauti. Zile za midomo miwili nazo zina sharti: mazabodi iwe na uwezo wa kuigawa sloti kwenye BIOS, la sivyo kadi moja tu ndiyo itaonekana.

Kuna jambo la kibati ambalo huwachanganya wengi. Kwa kuwa 1U ni nyembamba, mtu hudhani anahitaji kibati kifupi. Ni kinyume chake. Kadi ikilala, kibati nacho hulala, na tundu la kasha hilo lilikuwa la kibati kirefu. Kifupi hakifiki kwenye skrubu, na kadi hubaki ikining'inia kwenye raiza. Kifupi hufaa 2U, ambamo kadi fupi husimama wima bila raiza.

Duka lilikuwa na tangazo la kawaida la Kariakoo kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, ndiyo maana kasha zima lilibebwa hadi kaunta. Raiza yenye mkia wa x8 ikachomekwa palepale, kadi ikalazwa, skrubu ikakazwa, mfuniko ukarudishwa. Mfuniko ni muhimu: ukiibinya kadi hata kidogo, meno yanahama.

Ofisini, amri ya lspci -vv ilionyesha kwenye mstari wa LnkSta kasi ya 5GT/s na upana wa x8. Tuliisoma tena jioni, kiyoyozi kikiwa kimezimwa na milango yote miwili ikisukuma data. Bado ilikuwa x8.