Sifa za Fundi Asiyekimbilia Spea

Injini ya dizeli ikizima yenyewe, usiseme haraka kwamba imeharibika. Huenda imezimwa, na aliyeizima ni swichi ndogo inayoenea kiganjani, iliyofungwa ubavuni mwa bloku ili kulinda presha ya oili. Mafundi wengi wanalijua hilo. Ila mashine ikizima, mikono yao inakwenda kwenye spana kwanza: pampu inafunguliwa, nozeli zinatolewa, na mwenye mashine anatumwa Dodoma mjini kununua kitu ambacho hakikuwa na kosa.

Namsifu fundi wa aina nyingine, anayechelewa kushika spana.

Tuanze na swichi yenyewe, maana wengi tunaipita tu. Ile ya oili inayotumika sana ina kichwa kimoja cha waya. Njia ya pili ya umeme ni mwili wake, uliokazwa kwenye chuma cha injini, na chuma hicho kimeungwa na hasi ya betri. Injini ikiwa imelala, swichi imefunga njia. Ikiwaka na oili ikapanda presha, kiwambo cha ndani kinasukumwa na njia inakatika. Presha ikishuka, njia inafunga tena, kisanduku cha kudhibiti kinapata habari na kukata umeme wa solenoidi ya dizeli. Injini inazima kabla beringi hazijaungua. Ni shahidi mmoja, mwenye sentensi moja, na maisha ya injini nzima yanategemea ukweli wake.

Shahidi huyo husema uongo kwa namna mbili. Wa kwanza ni kupiga kelele pasipo hatari. Wa pili ni kunyamaza hatari ikiwepo.

Ule wa kwanza niliuona ukitatuliwa kijijini, upande wa Kongwa, wakati wa mavuno. Mashine ya kusaga iliwaka vizuri na kuunguruma bila mzigo muda wowote uutakao. Ukimimina mahindi tu, inazima. Mama mwenye mashine alikuwa ameshauziwa swichi mbili mpya, na foleni ya ndoo ilikuwa imefika barabarani.

“Fundi, si uunge dairekti tu? Watu wanangoja unga.”

“Nikiunga leo, mama, ikinoki kesho utamtafuta nani?”

Fundi akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakisoma. Oili ipo. Akaifungua swichi, na mahali pake akafunga geji ya mshale. Ncha ya waya uliobaki akaizungushia tepu na kuiacha ikining'inia hewani. Akawasha, akaomba mahindi yamiminwe. Mshale ulisimama kwenye bar 3 bila kutikisika, na injini ikazima vilevile. Jaribio hilo moja liliwatoa hatiani wawili kwa pamoja: presha haikuwa na tatizo, na swichi haikuwepo hata kwenye mashine. Umebaki waya.

Hapo ndipo fundi mwenye pupa angeponzwa na mita. Huyu alichomoa soketi ya kisanduku, akaweka ncha moja ya mita kwenye waya na nyingine kwenye bodi ya injini. Kimya. Kwa kipimo hicho waya ni mzima. Lakini kipimo kilichukuliwa injini ikiwa imetulia, na ugonjwa wenyewe unakuja na mtikisiko. Basi akaziacha ncha za mita palepale, akaanza kuupapasa waya kwa vidole, kidogo kidogo, kutoka kwenye kisanduku kuelekea kwenye bloku. Karibu na bano la chujio la dizeli mita ililia mara moja, ikanyamaza. Akarudisha kidole. Ikalia tena.

Alipochana tepu kuukuu, chini yake kulikuwa na uji mweusi wa oili, vumbi na unga. Plastiki ya waya ilikuwa imeliwa na ukingo wa bano, na shaba iliyobaki wazi ilikuwa inang'aa. Inafaa kuukumbuka mng'ao huo. Shaba iliyokaa wazi bila kuguswa hufifia. Inayong'aa inasuguliwa kila siku. Mzigo ulipoingia, injini ilitikisika zaidi, waya ukagusa chuma, kisanduku kikaambiwa oili imekwisha. Fundi akaukata, akauunga upya, akauhamisha mbali na ukingo na kuufungia kipande cha mpira wa baiskeli.

Uongo wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hakuna anayeita fundi. Mtu anabadilisha swichi, anaona nyuzi zake zinavuja oili, anazizungushia ile tepu nyeupe ya mabomba mizunguko mingi. Uvujaji unakoma. Pengine na njia ya hasi nayo imekoma, kwa kuwa mwili wa swichi haugusi tena chuma. Mashine itafanya kazi bila usumbufu wowote mpaka siku oili itakapokwisha. Na swichi ya joto nayo ina udhaifu wake: imetengenezwa ikae ndani ya maji. Mpira ukipasuka na maji yakamwagika yote, inabaki kwenye hewa na mvuke, na inaweza isihisi joto ambalo tayari linapinda silinda hedi. Huku Ugogo, upande wa Dodoma, ambako maji ya visima vingi yana chumvi, rejeta inayojazwa maji hayo inajenga ukoko, na ukoko ukiivaa swichi taarifa inachelewa. Ndiyo maana fundi ninayemsifu, akimaliza kazi, hupima kwanza kwa mita kama swichi ya oili, injini ikiwa imelala, inafunga njia hadi kwenye bodi, kisha huwasha injini na kwa makusudi huugusisha waya wake kwenye bodi. Ikizima, anafunga boksi lake. Isipozima, kazi bado.

Mita nayo isiaminiwe kupita kiasi. Waya una nyuzi nyingi ndani. Zikikatika zote ukabaki mmoja, mita itakuonyesha volti 12 kamili, kwa kuwa yenyewe haili umeme wa maana. Upe uzi huo solenoidi ya kuvuta uone utakavyonywea. Wazee wa kazi hutembea na balbu ya taa ya gari iliyofungwa nyaya mbili. Ikiwaka kwa unyonge mahali inapotakiwa kuwaka kwa nguvu, ugonjwa uko nyuma yake. Ni kifaa cha bei ya soda, na mimi bado nakiheshimu kuliko mita nyingi za sokoni.

Mazingira nayo ni nusu ya elimu hii. Pwani, Tanga au Dar es Salaam, fundi anaanza kwa kutafuta kutu ya kijani kwenye vichwa vya nyaya. Huku juu, ambako kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni ya kusikia, adui ni vumbi na mtikisiko, na penye mashine ya unga ongeza panya.

Nyanda hizi zilishawaadhibu waliodhani chuma peke yake kinatosha. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa. Walileta matrekta makuukuu ya mabaki ya vita, na baadaye vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta na kupewa jina la Shervick. Ardhi ilipokauka ikagoma, matrekta yakafa kwa wingi, na karakana na mafundi hawakutosha kuyafufua. Mradi ukafungwa 1951, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimeteketea. Ukame na pupa ya wapangaji vinatajwa sana, na ni haki. Mimi naongeza upungufu wa watu wa kukaa na mashine na kuisikiliza.

Leo umeme wa gridi umefika vijiji vingi, na mota zinachukua nafasi ya dizeli. Hata treni ya SGR, inayofika Dodoma kutoka Dar es Salaam tangu 2024, inatumia umeme. Hilo halimtoi fundi wetu kazini. Mota ina rilei ya kuilinda mzigo ukizidi na kitufe cha kuzimia, na nyaya zake zinasuguliwa vilevile.

Kinachonisikitisha ni malipo. Mama yule wa Kongwa alilipia swichi mbili zisizo na kosa bila kunung'unika, kwa kuwa alizishika mkononi. Alipotajiwa ufundi wa yule aliyemaliza tatizo kwa tepu na kipande cha mpira, akauliza, “Kwani umebadilisha nini?” Swali hilo ndilo linalowafundisha vijana wetu wa gereji kubadilisha spea hata pasipohitajika, na kuunga dairekti wakishindwa. Mwenye mashine, ukimpata fundi aliyekaa saa mbili na waya mmoja akakurudishia injini na swichi yake ikiwa inafanya kazi, mlipe zaidi ya yule aliyekuuzia pampu.