Mkono Usioshika Raketi

Kwenye kibanda cha chai hapa Busia, karibu na foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, simu moja huegemezwa kwenye chupa ya chai na watu wanne wakaitazama. Mara nyingi ni kandanda. Nikipata nafasi, mimi huweka tenisi. Mtandao nao hurukaruka, mara wa Kenya mara wa Uganda, na picha hukwama. Siku moja ilikwama Serena Williams akiwa ameinua mkono wa kushoto, mpira ushamtoka vidoleni.

"Mwalimu," kijana wa boda akaniuliza, "mbona mpira umeenda na mkono bado uko juu?"

Swali hilo lilinifundisha kutazama upya. Miaka yote macho yangu yalikuwa kwenye raketi.

Mpira wa kuanzisha hushikwa kwa ncha za vidole, si kiganjani, usije ukazunguka. Mkono hupanda umenyooka, kiwiko hakikunjwi. Vidole hufunguka polepole kama vya mtu anayeweka yai juu ya kabati, na mkono huendelea kupanda, maana ndio unaoinua bega na kuukunja mwili kama upinde. Mrusho wa Serena ulikuwa mmoja daima, alenge pembeni au katikati. Mpinzani hakuwa na cha kusoma. Wimbledon ya 2012 alianzisha mipira 102 ambayo wapinzani hawakuigusa. Watu husifu nguvu zake. Mimi nausifu mkono ule mtulivu.

Lakini fundi hasa hujulikana kwa mpira wa pili. Wa kwanza ukiharibika, unabaki mmoja tu. Nao ukipotea, pointi imekwenda. Mwoga huusukuma tu. Fundi huzungusha raketi kwa kasi ileile, ila huukwangua mpira kutoka chini kwenda juu, ukapita juu kabisa ya wavu, kisha ukazama ghafla ndani ya mstari. Hilo halifanyiki kama mrusho umepinda hata kidogo.

Ndiyo maana fainali ya wasichana ya wawili wawili, Wimbledon, Julai 2022, bado inanisisimua. Angella Okutoyi wetu, aliyelelewa na bibi yake Loresho, Nairobi, alicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, ikabaki ile ya kukimbilia pointi 10, na lazima uzidi kwa mbili. Ikafika 9-9. Hebu fikiria kuurusha mpira hapo, ukiwa na umri wa miaka 18, bila vidole kutetemeka! Walishinda 11-9, na Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji katika yale mashindano manne makubwa.

Wapinzani hawakuwa hafifu hata kidogo. Mmoja wao alikuwa Victoria Mboko wa Kanada, ambaye wazazi wake wanatoka Kongo. Agosti 2025 Mboko huyo alibeba kombe la Montreal kwa kumshinda Naomi Osaka kwenye fainali.

Ukikuta mechi ya Okutoyi, ndugu msomaji, iache raketi kidogo. Tazama mkono wa pili.