Singeli na Masikio ya Ugenini

Mkusanyo Sounds of Sisso, uliotolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes mwaka 2017, uliifungulia singeli ya Dar es Salaam milango ya Ulaya. MCZO na Duke wakafika huko. Matangazo ya ziara hizo husifu kasi, mapigo yapitayo 200 kwa dakika. Maneno ni nadra kutajwa. Hapo sifa hugeuka dhuluma, kwani singeli, iliyokua kwa kuharakisha vipande vya taarabu (ile ile ya kuketi vitini!), ni ughani pia: dhiki, kodi ya chumba, masimango. Msikilizaji wa Makwale, Kyela, asiyewahi kuiona Manzese, hucheka panapochekesha. Wa Berlin huruka tu. Atangazaye onyesho lijalo na achapishe japo beti mbili, pamoja na tafsiri yake, kando ya bei ya kiingilio.