Uhuru: sehemu ya sekunde iliyofichua shimo jeusi

Ardhi yote iliyo karibu na Ikweta huzunguka pamoja na Dunia kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata mwendo huo bure. Lakini kwa setilaiti Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, faida kubwa zaidi ya Ikweta ilikuwa utulivu.

Uhuru, chombo cha kwanza kutengwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani pekee, kilibeba vihesabio vya gesi. Kila chembe yenye chaji inayopenya humo huweza kuhesabiwa kana kwamba ni eksirei. Kwa kuwa njia yake iliinama nyuzi 3 tu kutoka Ikweta, Uhuru ilikwepa sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki ya Kusini, ambako chembe hizo hushuka chini kwa wingi. Kutoka Florida, kuingia katika njia hiyo kungegharimu mafuta mengi ya kugeuza mwelekeo.

Utulivu huo ulizaa matunda mwaka 1971. Ilipoelekezwa kwenye chanzo cha eksirei Cygnus X-1, hesabu zilipanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hoja ya wachambuzi ikawa hii: kitu hakiwezi kubadili mng'ao wake wote kwa haraka kuliko muda ambao mwanga huchukua kukivuka. Kwa moja ya kumi ya sekunde, mwanga husafiri kilomita 30,000, upana usiofika Dunia tatu zilizopangwa mstari. Saa ikawa rula.

Udogo pekee haukutosha. Ilibidi uzito nao ujulikane. Darubini za redio zilibainisha mahali hasa chanzo hicho kilipo, na mwaka 1972 Louise Webster na Paul Murdin, na Tom Bolton kwa upande wake, wakaonyesha kwamba nyota HDE 226868 huyumbishwa kila siku 5.6 na mwenzake asiyeonekana. Vipimo vya mwaka 2021 vinampa mwenzake huyo uzito wa Jua 21 hivi, ilhali nyota ya nyutroni haivuki sana Jua 3.

Kwa hiyo mwenzake huyo ni shimo jeusi; kinachobaki ni iwapo shimo hilo linamtii Einstein kikamilifu. Nadharia zinazoongeza viwango vya juu vya mkunjo wa anga-wakati katika milinganyo yake hutofautiana naye hasa pale mkunjo unapokuwa mkali, na mkunjo kwenye ukingo wa shimo huongezeka kadiri uzito unavyopungua. Cygnus X-1 inalizidi kwa ukali, mara mabilioni, shimo kubwa lililo katikati ya galaksi yetu. Kwa mtihani wa aina hii, jitu la Jua milioni nne ni shahidi dhaifu kuliko kidogo hiki kilichogunduliwa kwa kuhesabu eksirei.